Hodi, Dirisha

Msimu ule karafuu zilijaa hadi barazani,
Wete nzima ikanuka kama dawa ya jino.
Mimi nilikuwa chumba cha nyuma, kituo cha kununulia,
na kompyuta iliyopasuka kioo pembeni,
nikaandika programu ya kupanga majina:
jina kushoto, kilo kulia, katikati nukta nukta
kama punje zilizoanikwa jamvini.

Upana nikautia kwa mkono wangu: safu themanini.
Kwa nini themanini? Nilikuta hivyo.
Walionitangulia walikuta hivyo, na wa kabla yao
walikuwa na kadi ngumu, safu themanini za matundu.
Kadi zimeoza, idadi imebaki,
kama mlango wa mtu mfupi katika nyumba ya warefu.

Kisha Zuwena Shaame, karani wa Konde,
akaifungua orodha ile ile kwenye simu yake,
kioo cha upana wa kiganja,
na mistari ikavunjika:

Raya Kombo Faki ..........
.................. kilo 61
Mkasi Haji Makame ........
.................. kilo 9

Bi Mkasi akaoneshwa. Akasoma iliyo juu ya jina lake.
Akaondoka na sitini na moja moyoni,
akakopa mabati kwa kilo za mwenziwe.
Siku ya malipo hakugomba. Aliuliza tu:
"Mashine yenu haitazami inaposimama?"

Usiku ule nikaanza kujifunza kuuliza.

Nilipapasa kwanza mfukoni mwa programu:
vikaratasi viwili, kimoja cha safu, kimoja cha mistari.
Lakini kikaratasi huandikwa mara moja,
dirisha likivutwa chenyewe hakina habari,
kama mtu anayekusalimia
kwa jina la mume mliyekwisha kuachana.

Nikakituma kishale: "Nenda kulia, nenda chini,
hatua mia tisa tisini na tisa, usisimame."
Kikaenda, kikagonga ukuta, kikatulia.
"Uko wapi?"
"Mstari wa ishirini na nne, safu ya arubaini na mbili."
Ndivyo tupimavyo chumba umeme ukikatika:
kwa goti, kwa kidole cha mguu.

Njia ya adabu ilikuwa fupi kuliko zote.
Hodi, kiini cha mashine, wewe mshika milango:
huyu ninayemwandikia ana upana gani?
Kikanijibu namba mbili, basi.
Na dirisha likibadilika hunitikisa bega:
"Pamebadilika." Kiasi gani, hakisemi.
Ni juu yangu kuuliza tena.

Vuta pembe, Zuwena. Vuta
uone:

nukta
zinapungua,
jina
linakaa
na kilo zake,
hakuna
anayemwangukia
jirani.

Marehemu baba alitunga kwa mizani, nane kwa nane,
akihesabu kwa vidole juu ya goti.
Mishororo yake mitano hujaza themanini yangu kamili.
Mtu hujikuna ajipatapo, alikuwa akisema,
na mkono wake haukupita kumi na sita.
Ningemwambia leo kuwa ukuta huulizwa kwanza,
angeyahesabu maneno yangu, akute yamezidi.

Ipo siku orodha haiendi kwenye kioo,
inamiminwa kwenye faili, au kwenye karatasi ya mhasibu.
Hapo hakuna dirisha. Hodi ya kwanza, kimya.
Ya pili, kimya. Ya tatu,
na mwenye adabu hurudi zake:
themanini, kwa kuwa sijajibiwa,
si kwa kuwa najua.

Sasa Mkasi Haji Makame ana tisa zake
ubavuni mwa jina, kwenye kioo chochote.
Mabati ameshayaezeka.
Mvua ya vuli inayapiga, nami hapa naisikia,
na deni lile
sijui niliandike safu ya nani.